Mwisho ni wa Nani? Riwaya na Filamu za Distopia katika Darasa la Mwaka wa Kwanza

Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe anakusudia kusomea udaktari, uhandisi au sheria, hulazimika kuchukua kozi ya uandishi wa insha. Desturi hii ni kongwe. Chuo Kikuu cha Harvard kiliifanya kuwa wajibu wa mwaka wa kwanza tangu 1885, na vyuo vingine vikafuata. Kilichobadilika ni maada inayoandikiwa. Hapo kale mwanafunzi aliandika juu ya uzalendo au uzuri wa majira ya kuchipua. Siku hizi aghalabu kozi huundwa kwa kulizunguka jambo moja, na mojawapo ya mambo yanayopendelewa ni distopia, yaani zile hadithi zinazobuni nchi au zama ambamo utawala umemmeza mwanadamu mzima-mzima, mwili wake, kauli yake na hata ndoto zake. Mhadhiri huanza na kitabu, kisha huonyesha filamu iliyotokana nacho, kisha hudai insha.

Mwanafunzi aliye makini huligundua jambo moja mapema, kabla hata ya kufundishwa: mwisho wa filamu mara nyingi sio mwisho wa kitabu. Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya jambo hilo. Huenda ikadhaniwa kwamba tofauti hiyo ni suala la ladha tu, au la biashara ya watu wa sinema wanaoogopa kuwahuzunisha walipa kiingilio. Biashara imo, bila shaka. Lakini katika utanzu huu mwisho ndio hukumu. Hadithi ya distopia ni mfano wa kesi: kuna anayeteswa, kuna ushahidi, na katika kurasa za mwisho msomaji hujulishwa ni nani aliyesimama kizimbani. Anayeubadilisha mwisho huo hubadilisha mshtakiwa.

Neno lenyewe lina asili inayostahili kukumbukwa. Thomas More alibuni jina Utopia mwaka 1516 kwa kuunganisha maneno ya Kiyunani yenye maana ya mahali pasipokuwapo. Kinyume cha neno hilo kilitamkwa katika Bunge la Uingereza mwaka 1868, pale mwanafalsafa John Stuart Mill alipowashutumu mawaziri kwa siasa yao juu ya ardhi ya Ireland. Alisema kwamba watu wa namna hiyo hawafai kuitwa watu wa utopia, maana wanalolipendelea ni baya mno kuweza kutendeka, na hivyo akawapa jina la wapenda distopia. Msomaji wa Kenya hatakosa kutambua kwamba neno hili, ambalo leo hukumbusha mitambo na maabara, lilisemwa katika mjadala juu ya wakulima waliokosa usalama katika ardhi waliyoilima. Baadaye likasahauliwa, hata lilipofufuliwa na wahakiki wa fasihi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Ufufuo huo ndio ulioizaa kozi. Jarida la kitaaluma la *Extrapolation* lilianza kutolewa mwaka 1959 katika chuo kimoja cha Ohio, likishughulikia hadithi za sayansi ya kubuni. Mwaka 1962 Mark Hillegas alianza kufundisha kozi ya hadithi hizo katika Chuo Kikuu cha Colgate, mojawapo ya kozi za kwanza za aina hiyo kutambuliwa rasmi na chuo, na mwaka 1967 akachapisha utafiti wake juu ya H. G. Wells na waandishi waliompinga. Zama zenyewe zilikuwa zikiwasukuma wasomi upande huo. Bomu la atomiki lilikuwa limekwisha kulipuliwa mara mbili juu ya vichwa vya watu, kambi za Hitler zilikuwa zimefunguliwa na kuonekana, na kila upande wa Vita Baridi ulimwita mwenzake jinamizi. Filamu, hata hivyo, ilikuwa kazi ngumu darasani. Ilibidi kukodi marobota ya mkanda wa milimita 16 na kuyarudisha kesho yake. Kanda za vidio zilipoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mhadhiri aliweza kwa mara ya kwanza kuisimamisha picha, kuirudisha nyuma, na kulionyesha tendo la mwisho mara tatu. Ni kifaa kidogo, lakini ndicho kilichowezesha miisho kulinganishwa.

Riwaya inayowekwa mwanzoni mwa kozi, na kwa haki, ni ile ya Mrusi Yevgeny Zamyatin iitwayo kwa lugha yake *My*, maana yake *Sisi*, aliyoiandika mwaka 1920 na 1921. Watu wa Dola Moja hawana majina, wana nambari; wanaishi katika nyumba za vioo, na kila saa ya siku yao imepangwa katika ratiba. Msimulizi, mhandisi D-503, anapendana na mwanamke muasi, na mwishowe anapasuliwa kichwani ili aondolewe uwezo wa kuwaza kwa njozi. Anamtazama mpenzi wake akiteswa bila kuhisi chochote, naye anatumaini kuwa akili itashinda. Huo ndio mwisho unaokumbukwa. Lakini ukitazamwa vizuri haujafungwa: mapigano yangali yakiendelea katika sehemu moja ya mji, na mwanamke mwingine, aliyebeba mtoto wa D-503, amekwisha kuvuka Ukuta wa Kijani na kutoroka.

Ni nani aliyeshtakiwa humo? Wakubwa wa Sovieti walijiona wao. Kitabu kilikatazwa, kikatoka kwanza kwa Kiingereza huko New York mwaka 1924, na Warusi hawakukisoma kihalali nchini mwao hadi 1988, miaka 51 baada ya mwandishi kufariki Paris. Darasa la Vita Baridi nalo likakubaliana na wakubwa hao, likafundisha kwamba Zamyatin aliutabiri ukomunisti wa Stalin. Wote wawili walisahau mahali alipokuwa mwandishi kabla ya mapinduzi. Mwaka 1916 na 1917 Zamyatin, ambaye alikuwa mhandisi wa meli, aliishi Newcastle, Uingereza, akisimamia ujenzi wa meli za kuvunjia barafu. Mtu anayetukuzwa na raia wa Dola Moja, tena kwa jina, ni Frederick Taylor, yule Mmarekani aliyepima kwa saa kila mjongeo wa mkono wa mfanyakazi kiwandani. George Orwell aliliona hili. Alipoihakiki riwaya hiyo Januari 1946 alisema kwamba shabaha yake haionekani kuwa utawala wa Kisovieti hasa, bali yale yaliyomo ndani ya ustaarabu wa viwanda.

Hapa yafaa kuongeza jambo ambalo mhadhiri wa Marekani huenda asilikumbuke. Wakati Zamyatin alipokuwa akibuni watu wenye nambari badala ya majina, serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa imeanza kuitekeleza sheria yake ya kuwaandikisha wenyeji, iliyotungwa mwaka 1915. Mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimika kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, aghalabu ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Kwa hiyo kinachosomwa katika darasa moja kama tahadhari ya siku zijazo, katika darasa jingine ni habari za babu.

Filamu ya kwanza kubwa ya utanzu huu ni *Metropolis* ya Fritz Lang, iliyoonyeshwa Berlin Januari 1927. Mji wake una ghorofa mbili: juu bustani za matajiri, chini ya ardhi mitambo na watumwa wake. Wafanyakazi wanaasi, maji yanafurika, na katika dakika za mwisho mwana wa tajiri anaushika mkono wa baba yake na mkono wa msimamizi wa wafanyakazi, akavipatanisha kichwa na mikono kwa njia ya moyo. Mitambo inabaki palepale. Wenye mali wanabaki palepale. Aliyeshtakiwa ni mvumbuzi mmoja mwenye wazimu, naye amekwisha kuanguka kutoka juu ya paa. H. G. Wells aliikejeli filamu hiyo vikali mwaka uleule, na Lang mwenyewe katika uzee wake alikiri kwamba hakuridhika na mwisho huo. Kisha filamu yenyewe ikakatwa. Kampuni ya usambazaji ya Marekani iliondoa sehemu kubwa na kuandika upya maelezo yake, hata visa vikawa havieleweki. Kwa miongo mingi wahakiki waliihukumu kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameiona nzima. Nakala iliyokaribia kukamilika iligunduliwa Buenos Aires mwaka 2008, na filamu iliyotengenezwa upya ikaonyeshwa mwaka 2010. Visa vikawa wazi zaidi. Ule mkono wa upatanisho ukabaki kama ulivyokuwa.

Juu ya Aldous Huxley hakuna haja ya kukaa sana. *Brave New World* ya mwaka 1932 huisha kwa kijana aliyelelewa nje ya ustaarabu kujinyonga. Jambo la kuvutia ni kwamba mwandishi mwenyewe aliukata rufaa mwisho wake. Katika dibaji ya toleo la 1946 alieleza kwamba alikosea kumpa kijana huyo njia mbili tu, wazimu wa dola au ushenzi wa kijijini, na kwamba kama angeiandika upya angempa ya tatu, jamii ndogo ya watu huru wanaoshirikiana. Hakuiandika upya. Dibaji husomwa darasani pamoja na riwaya, na wanafunzi wengi hupendelea ule mwisho usioandikwa.

Mfano ulio mzito kupita yote ni *Animal Farm*. Orwell alikimaliza kitabu hicho kifupi mwanzoni mwa 1944, wakati Uingereza na Urusi zilipokuwa zikipigana upande mmoja. Wachapishaji kadhaa walikikataa. Mmoja alirudi nyuma baada ya kushauriwa na afisa wa Wizara ya Habari, ambaye baadaye ilijulikana kwamba alikuwa jasusi wa Sovieti. T. S. Eliot, aliyekuwa mhariri katika nyumba nyingine ya uchapishaji, alitoa sababu ya ajabu kidogo: kwa kuwa nguruwe ndio wenye akili kuliko wanyama wengine, kilichohitajika kwa maoni yake kilikuwa nguruwe wenye kuujali zaidi umma. Kitabu kilitoka Agosti 1945, vita vikiwa vinakwisha.

Mwisho wake unajulikana. Wanyama wanachungulia dirishani, wanawaona nguruwe na wanadamu wamekaa meza moja wakicheza karata, na hawawezi tena kutofautisha nyuso za hawa na za wale. Ni lazima kuangalia kwamba meza hiyo ina pande mbili. Wakulima jirani, ambao ni mfano wa mabepari wa Magharibi, wamo chumbani; wanausifu utawala wa nguruwe kwa sababu wanyama wake wanafanya kazi nyingi na kula kidogo. Hukumu inawapata wote. Tena hawako kwenye amani: ugomvi unazuka juu ya karata iliyochezwa mara mbili. Mwaka 1947 Orwell aliandika dibaji maalumu kwa tafsiri ya Kiukreni iliyokusudiwa wakimbizi waliokuwa kambini Ujerumani, na humo akaeleza kwamba hakutaka msomaji afikirie kuwa kitabu kinaishia katika upatanisho. Alikiandika baada tu ya Mkutano wa Tehran, ambao watu walidhani umejenga urafiki kati ya Urusi na Magharibi, naye hakuamini kwamba urafiki huo ungedumu. Nakala nyingi za tafsiri hiyo zilikamatwa na wakubwa wa kijeshi wa Marekani wenyewe, wakawakabidhi Warusi. Miaka michache haikupita, na wakubwa wa nchi hiyohiyo wakawa wanakitangaza kitabu kile duniani kote.

Orwell alifariki Januari 1950. Haki za filamu zilinunuliwa kutoka kwa mjane wake, na mwaka 1954 ikatoka filamu ya michoro iliyotengenezwa London na studio ya John Halas na Joy Batchelor. Fedha zake zilitoka kwa CIA, Shirika la Ujasusi la Marekani, zikipitia kwa mtayarishaji Louis de Rochemont. Habari hizi zilianza kuvuja katika miaka ya 1970 na zikathibitishwa kwa urefu na watafiti baadaye. Katika filamu hiyo wanyama wanachungulia dirishani kama kitabuni, lakini ndani wanaona nguruwe peke yao. Wanadamu wameondolewa mezani. Kisha wanyama wanaungana, wanaivamia nyumba na kuwapindua watawala wao.

Mtu anaweza kusema kwamba mwisho huo una matumaini zaidi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husema hivyo mara nyingi. Kwa nini wanyonge wasishinde? Swali ni zuri, lakini jibu lake limo katika viti vilivyoachwa wazi. Wenye fedha hawakutaka picha inayoonyesha kwamba pande mbili zinafanana. Mabepari walipotolewa chumbani, mashtaka yalibaki kwa mkomunisti peke yake, na uasi wa wanyama ukawa wito kwa watu wa Ulaya ya Mashariki waziangushe serikali zao. Mapinduzi yaliyopingwa na fedha hizo kila mahali pengine duniani yaliruhusiwa hapa, kwa kuwa yalielekezwa upande mmoja. Filamu hiyo ilionyeshwa katika shule za Uingereza na Marekani kwa miaka mingi, na wako watu wazima wanaoapa kwamba kitabu kinaishia kwa ushindi.

*Nineteen Eighty-Four*, iliyotoka Juni 1949, ilipata mkasa unaofanana. Klabu kubwa ya vitabu ya Marekani ilitaka kuichapisha kwa sharti kwamba kile kitabu kilichomo ndani ya kitabu, pamoja na kiambatisho cha mwisho kinachoeleza lugha ya Newspeak, viondolewe. Orwell, aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu kitandani, alikataa, ingawa alijua kwamba huenda angepoteza paundi zisizopungua 40,000. Klabu ikakubali hatimaye. Alikuwa na sababu ya kukilinda kiambatisho. Kimeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida na kwa wakati uliopita, kana kwamba mwandishi wake anaishi katika siku ambazo dola ile na lugha yake vimekwisha. Baadhi ya wahakiki, akiwamo Margaret Atwood, wameona hapo ndipo mwisho wa kweli wa riwaya ulipo. Hoja hiyo pengine inabebeshwa mzigo mkubwa kuliko inavyoweza kuubeba, kwani Winston Smith amevunjika na hakuna sarufi itakayomwunga. Hata hivyo kurasa zile zipo, na mwandishi alikuwa tayari kulipa gharama yake.

Televisheni ya BBC ilipoigiza riwaya hiyo Desemba 1954, Peter Cushing akiwa Winston, mwisho wake wa giza haukuguswa, na malalamiko ya watazamaji yakafika bungeni. Filamu ya sinema ya 1956 ilikuwa na miisho miwili. Katika ule ulioonyeshwa Uingereza, Winston na Julia wanauawa wakiwa wangali wanaikana dola. Mjane wa Orwell aliichukia. Kifo cha kishujaa kinamstarehesha mtazamaji, kwa maana kinamhakikishia kwamba moyo wa mwanadamu haushindiki. Kitabu kilikuwa kimeandikwa ili kumnyang'anya uhakika huo. Toleo la Michael Radford, lililopigwa picha mjini London mwaka uleule wa 1984, ndilo lililourudisha ukatili wa mwisho wa asili.

Kuanzia hapo mifano ni mingi kiasi cha kuchosha. *A Clockwork Orange* ya Anthony Burgess ilitoka London mwaka 1962 ikiwa na sura 21, idadi iliyochaguliwa kwa kuwa 21 ndio umri wa utu uzima, na katika sura ya mwisho kijana mhuni anauchoka uhuni wake mwenyewe. Mchapishaji wa Marekani aliikata sura hiyo, na Stanley Kubrick akaifuata nakala ya Kimarekani katika filamu yake ya 1971. Wasomaji wa Marekani hawakuipata sura hiyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Hapa, kinyume na desturi, tumaini ndilo lililotupwa. *Blade Runner* ya Ridley Scott, ya 1982, ilibandikwa mwisho wa furaha kwa agizo la wenye studio, nayo mandhari ya milima ikaazimwa kutoka mabaki ya mkanda wa filamu nyingine kabisa. Scott aliuondoa katika matoleo ya 1992 na 2007. Terry Gilliam aligombana hadharani na wakubwa wa studio juu ya *Brazil* mwaka 1985, hata wahakiki wa Los Angeles walipoipa tuzo ya filamu bora ya mwaka kabla haijaruhusiwa kuonyeshwa nchini humo. Katika visa hivi hakuna jasusi. Soko peke yake lilitosha.

Mfano wa Margaret Atwood unagusa mahali pengine, na kwa hiyo wastahili nafasi. *The Handmaid's Tale* ya mwaka 1985 inasimulia habari za wanawake waliogeuzwa vyombo vya kuzalia watoto wa watawala. Baada ya msimulizi wake kuingia garini asijue kama anaokolewa au anapelekwa kufa, riwaya inaongeza kurasa chache: taarifa ya mkutano wa wanahistoria mwaka 2195. Dola ile imekwisha kuanguka, na profesa mmoja anaizungumzia kanda iliyorekodiwa na mwanamke huyo. Anafanya mzaha, watu wanacheka. Anasikitika kwamba mwanamke hakuacha habari zaidi juu ya wakubwa wa dola. Anaonya kwamba haifai kuhukumu. Yaani mwishowe anayeletwa kizimbani ni mkutano wa wasomi wenyewe, na msomaji aliyeketi darasani na kalamu mkononi anajikuta amekaa safu ya nyuma ya ukumbi ule. Filamu ya 1990 iliziacha kurasa hizo. Ndani yake mwanamke anamuua bwana wake kwa kisu na kukimbilia milimani. Darasa limeachiliwa huru.

Afrika ya Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa tafsiri. Mwaka 1967 kampuni ya East African Publishing House ya Nairobi ilichapisha *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha. Vijana waliokipata kitabu hicho kwa Kiswahili hawakuhitaji kufundishwa Stalin alikuwa nani ili wakielewe. Wengi wao walikuwa wamekwisha kumwona bwana shamba akiondoka na jirani yao akihamia katika nyumba yake. Viti vilivyoondolewa na filamu vilikuwa vimejaa huku. Mwaka 1991 onyesho la jukwaani la hadithi hiyo lilipigwa marufuku nchini Kenya. Kama ilivyokuwa kwa Warusi na Zamyatin, serikali ilijitambua katika kioo ambacho hakuna aliyekiandika jina lake.

Aliyeutia utanzu huu katika riwaya ya Kiswahili kwa uwazi mkubwa ni Katama Mkangi, mwalimu wa sosiolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyewekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani mwaka 1986. *Walenisi* yake ilitoka 1995. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa katika nchi ya dhuluma na kutiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani ili afie huko. Anamudu kukiendesha, akafika nchi ya Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa. Wahakiki wamebishana kama kitabu hiki ni utopia au distopia. Ubishi huo unatokana na kupima kwa kipimo kilichokatwa pengine. Mkangi ameziweka nchi mbili ndani ya jalada moja, na amezifungia mlango wa katikati ndani ya jina: wale ni sisi. Zamyatin aliiita riwaya yake *Sisi* kwa kejeli, kwa sababu neno hilo lilikuwa limemeza kila mtu. Mkangi analirudisha kama deni. Na Dzombo hakai huko kwenye neema, anarejea alikohukumiwa. Hapana mwisho wa Kimagharibi katika orodha ya kozi unaofanana na huo, ambapo mtoro anarudi kwa hiari yake kuikabili dola iliyomtupa. Kama riwaya hii ingewekwa karibu na ile ya Zamyatin katika muhula mmoja, mazungumzo ya darasa yangekwenda njia nyingine.

Limesalia jambo moja linalohusu vitabu vya darasani vyenyewe. Ray Bradbury alichapisha *Fahrenheit 451* mwaka 1953, hadithi ya wazimamoto ambao kazi yao ni kuchoma vitabu. François Truffaut aliifanya filamu mwaka 1966 na kumwacha hai msichana ambaye kitabuni anakufa. Bradbury alilipenda badiliko hilo, akalitumia baadaye katika tamthilia yake. Hilo lilifanyika kwa wazi. Lililofanyika kwa siri lilianza 1967, wakati mchapishaji alipotoa toleo maalumu kwa ajili ya shule. Wahariri walifuta matusi na kubadilisha maneno katika mahali kiasi cha 75, bila kumwarifu mwandishi na bila kuandika popote kwamba kitabu kimeguswa. Kwa muda matoleo mawili yaliuzwa pamoja, la watu wazima na la shule. Kisha, tangu 1973, likabaki lile lililokatwa peke yake, likisomwa na wazee na vijana sawasawa. Mwandishi hakujua, wala walimu. Mwaka 1979 wanafunzi waliokuwa wamezishika nakala mbili walizilinganisha, wakaona hazifanani, wakamwandikia Bradbury barua.